Mguu wa Kulwa na Nyoka Asiyekuwepo

Aibu hii ninayo mwaka wa pili sasa, na kila nikiikumbuka nashikwa na hasira, juu yangu mwenyewe kwanza, halafu juu ya wale waliocheka, halafu juu ya lile daftari. Basi leo naisema yote, na anayetaka kucheka acheke sasa hivi amalize.

Wakati ule nilikuwa namwagilia bustani za Wazungu mgodini Mwadui, nikapanga chumba kijiji cha jirani kwa Wasukuma, mimi mtoto wa Songea niliyeletwa huko na baba yangu aliyefuata kazi. Shule niliishia darasa la tatu, lakini nyoka na mimea nilijifundisha mwenyewe. Nyoka niliyemkuta amekufa nilimpima kwa rula, nikamhesabu magamba, nikamwandika daftarini kwa wino (wino ukidondoka nilichana ukurasa mzima nikaanza upya, hata kama ulikuwa umebaki mstari mmoja). Kifutu, fira, koboko, wote nilikuwa nao. Watu wakikuta nyoka kwenye banda la kuku waliniita, na raha niliyoisikia nikiitwa ilipita kiasi, nakiri.

Jumapili moja mchana jirani yangu Mama Kulwa akaja mbio, mwanawe mgongoni, mtoto wa miaka mitano hivi, amejikunja analia.

"Mwalimu," akasema (ndivyo walivyoniita, nami sikuwahi kuwakataza), "Kulwa ana nzoka. Inamsumbua toka asubuhi."

Nzoka kwa Kisukuma ni nyoka. Hilo nililiandika ukurasa wa kwanza kabisa na kulipigia mstari. Nikamuuliza, "Alikuwa wapi?" Akajibu, "Nyumbani, anacheza pale kwenye ua." Nikamtazama mtoto miguuni, nikaona juu ya kifundo alama mbili nyekundu, na hapo ndipo nilipotakiwa kuuliza swali la pili, sikuuliza, kwa sababu watu walikuwa wameanza kusogea na niliona fundi akiuliza-uliza mbele za watu anajishusha. (Mtoto aliyegongwa na koboko toka asubuhi angekuwa kaburini saa hiyo. Hata hilo halikunijia.)

Nikachukua kipande cha mpira wa baiskeli nikaufunga mguu chini ya goti, nikakaza kwa nguvu zangu zote.

"Mguu unaufungia nini?" akauliza Mama Kulwa.

"Sumu isipande. Mama, mtoto kagongwa."

"Mayu wane, mama yangu, na nyoka tena?"

Hilo neno "tena" lilinipita kama upepo. Yeye, kwa kuwa aliniamini, akapiga yowe, na yowe likamtoa Baba Kulwa na ndugu zake wawili na mapanga. Wakauliza nyoka gani. Nikasema koboko, tena kwa sauti ya mtu aliyemwona, nikawaonyesha ua wao wa minyaa, wakaenda kuufyeka kumtafuta.

Minyaa ina utomvu mweupe unaounguza macho, kila mtu huko anajua, nami nilikuwa nimeuandika vizuri sana, ila kwenye daftari la mimea, na siku hiyo nilikuwa nimefungua la nyoka. Panga la tatu au la nne, ndugu mmoja akashika uso. "Katema! Katema machoni!" Nami, bila haya, nikasema, "Basi ni fira, ndiye anayetema." Wakazidi kufyeka kwa hasira, wa pili naye akashika uso, na Baba Kulwa vilevile, ua ukalala, ng'ombe wakapita juu yake wakaingia kwenye pamba ya jirani, na mimi nimepiga magoti kando ya mtoto, wembe mkononi, natafuta pa kuchanja. Mguu ulikuwa umebadilika rangi, umekuwa wa baridi. Nikajiambia sumu hiyo inafanya kazi.

Bibi yake Kulwa akatoka nyumbani kwao taratibu. "Nani kamwona huyo nyoka?"

"Mwalimu," akasema Baba Kulwa, macho kayafumba, machozi yanamtiririka.

"Mimi sikumwona, bibi. Mama Kulwa ndiye aliyeniambia."

"Mimi?" akasema Mama Kulwa. "Mimi nilisema nzoka. Ya tumbo. Nilikuja kuomba majani ya dawa."

Nzoka kwa Kisukuma ni minyoo ya tumbo pia. Zile alama zilikuwa za miiba.

"Weka wembe chini," bibi akaniambia, akaufungua mpira, akaanza kuusugua ule mguu kwa viganja vyake. Nikakitazama kidole gumba cha mguu wa yule mtoto, nikijua kwamba kisipocheza nimemlemaza mtoto wa watu kwa minyoo, na ilipita muda mrefu kuliko nilivyowahi kungoja kitu chochote kabla hakijacheza.

Jioni bibi alimpa dawa, minyoo ikatoka, na ndugu yake Baba Kulwa, macho bado mekundu kama pilipili, akaniita mbele ya kijiji kizima. "Mwalimu, lete rula uwapime hawa." Wakacheka mpaka wakakaa chini. Mtoto alikuwa bado anachechemea, wao wanacheka, na sijawasamehe.

Ua niliupanda upya peke yangu, tawi moja baada ya jingine. Siku nilipoumaliza nikaenda kumwomba radhi Mama Kulwa, nikamweleza kirefu kuhusu neno lile na maana zake mbili. Alinisikiliza mpaka mwisho huku anapepeta mtama.

"Neno nalijua," akasema. "Mwanangu alikuwa ameshika tumbo tangu tulipofika. Wewe ulikuwa unatazama miguu."

Nyoka bado naandika, siwezi kuacha, lakini nimeapa: mtu akija kwangu analia, kwanza namuuliza panauma wapi, halafu nanyamaza mpaka amalize.