Ndoo Mbovu za Nangwa na Watu Elfu Nne

Saa moja asubuhi, umande ungali kwenye majani ya mahindi, Evaline Tluway anapiga hodi kwa Ludovika Margwe, kata ya Nangwa, wilayani Hanang.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kutuhesabu tena?"

Evaline amezoea kupokelewa hivyo. Kwa miaka minne amekuwa wakala wa kampuni inayouza ndoo za kuchujia maji kwa bei nafuu, ikisaidiwa na wafadhili. Kwa shilingi 180,000 kwa mwezi, anauza, kisha anarudi kwa wanunuzi kuhesabu waliofaidika na kuripoti.

"Ndoo moja tunaandika watu watano wanakunywa maji salama," anasema. "Mwanzoni niliamini. Nilijiona nimeokoa kijiji."

Mwaka jana Rahel, mjukuu wa Ludovika, alilazwa kwa kuhara. Mtoto alipotoka hospitali, Evaline alikwenda kumjulia hali, akaiona ndoo ya familia hiyo pembeni: koki imevunjika, ndani wamehifadhi maharage ya mbegu.

Wiki hiyohiyo wageni wa kampuni walifika. Meneja, Vicent, alitangaza mkutanoni kwamba watu elfu nne wa kata za Nangwa na Getanuwas wanakunywa maji salama. Makofi yakapigwa.

Mkutano ulipoisha, Ludovika alimfuata Evaline.

"Na Rahel ulimweka kwenye hao elfu nne?"

Alikuwa amemweka.

Evaline alipomuuliza meneja ndoo mbovu zinatolewa lini kwenye hesabu, Vicent alishusha sauti. "Tukizitoa, wafadhili wataondoka. Mshahara wako utatoka wapi?"

Evaline ana watoto watatu shuleni. Aliendelea kuandika miezi kadhaa, kila takwimu ya kampuni akiitilia shaka, yake ikiwa ya kwanza.

Kisha akaanza kuomba kuiona ndoo kabla ya kuandika. Hesabu yake ikashuka chini ya nusu, posho inayolipwa kwa hesabu hiyo ikakatwa. Majirani nao wakamshuku zaidi. Wengine waliificha ndoo, wakidhani amekuja kuichukua.

Leo ameleta koki aliyoinunua mwenyewe mjini Katesh. Ludovika anaigeuzageuza mkononi.

"Hii nayo utaiandika?"

"Leo siandiki, mama. Nitarudi nione kama maji yanatoka."

"Tutaona," anajibu Ludovika, lakini anaanza kuyamimina maharage kwenye gunia.

Evaline anataka kampuni ilete vipuri kabla ya ndoo mpya. Ombi lake halijajibiwa.

"Wakikataa, nitarudi kulima," anasema. "Lakini nikiwa hapa, siandiki mtu ambaye sijamwona akinywa."