Seline Alipolala

Neno uvivu limenichosha. Kila anayelitamka hapa Obunga akimsema Seline, ningependa alitafune kwanza alimeze, tuone kama litampita kooni. Seline ni jirani yangu, ukuta kwa ukuta. Saa tisa usiku anaamka, anabeba beseni, anaenda kupanga foleni kwenye lango la kiwanda cha samaki anunue mgongo wazi, yaani mifupa ya mbuta inayobaki minofu ikishakatwa kupelekwa ng'ambo. Anaikaanga kando ya barabara mpaka giza linaingia. Kisha ugali, kisha kufua. Saa nne mumewe, Owiti, anarudi kutoka kucheza ajua, bao la Kijaluo, na wenzake, naye anataka chai. Mvivu hapo ni nani?

Ila uchovu wake haukuwa wa kawaida. Kwa miaka miwili aliamka amechoka kuliko alivyolala. Akijilaza, macho makavu mpaka ifike saa ya kwenda foleni. Mchana ndipo usingizi unamjia, tena mbele ya karai la mafuta. Mwezi wa tatu alisinzia akainamia mbele, mkono wa kushoto ukazama kwenye mafuta mpaka kifundo. Mimi ndiye niliyemvuta. Ngozi ilitoka kama soksi, nikatapika palepale.

"Safari ijayo itakuwa uso, mama," muuguzi alimwambia akimfunga bandeji.

Walimpima damu, wakamwona hana ugonjwa. Akaambiwa anachohitaji ni kulala tu. Ahsante sana! Kama angejua namna ya kulala, angekwenda kwao kufanya nini?

Wifi yake Dorca akaja kutoka Pap Onditi na chupa ya manyasi, dawa ya miti ya kienyeji. Alisema hiyo ni chira, Seline amevunja mwiko wa boma. Yalikuwa maji meusi yenye povu, yananuka mtaro. Seline aliyanywa siku nne, akaharisha siku nne, na usingizi haukuja.

Nikaingia mimi sasa, Mama Rehma mjuaji. Bibi yangu alipanda mchaichai uani kwake Kaloleni, na usiku alitunywesha wajukuu wote tukalala fofofo. Nikamkatia Seline fungu zima. "Pika chai ya haya majani," nikamwambia, "unywe kabla ya kulala." Hayo ndiyo yalikuwa maneno yangu, sikuongeza wala sikupunguza.

Wiki tatu baadaye alikuwa hali mbaya zaidi. Mikono inatetemeka, macho mekundu, na karai liko palepale mbele yake. Jioni moja nikaenda kwake nione anavyopika. Kwenye sufuria kulikuwa na maziwa, sukari, majani ya chai vijiko vinne, na juu yake mchaichai wangu, vyote vimechemshwa mpaka vikawa rangi ya matofali na utando mzito juu. Nilionja. Ulimi ulikauka, na ule utando ukanigandia kwenye mdomo. Nikatema nje.

"Seline, hii ni nini?"

"Si chai? Si wewe ulisema nipike chai?"

"Nilitaka uweke maji na mchaichai, basi!"

"Maji tupu? Yawa, Mama Rehma! Hiyo si turungi, chai bila maziwa? Majani yako mazuri hivi nipikie turungi, kama ile ya kupea mgeni hatutaki arudi?"

Alikuwa ameyaheshimu majani yangu. Na ili dawa ishike, alikunywa vikombe vitatu kila usiku, mbali na kile anachokunywa na Owiti saa nne. Kikulacho ki nguoni mwako, na hiki nilikitia nguoni mimi mwenyewe. Nilijichukia.

Tukamwaga ile takataka. Nikamchemshia maji, nikatia mchaichai, nikafunika. Nikamkataza majani ya chai baada ya saa sita mchana. Alikunywa amekunja uso kama aliyepewa maji ya kuoshea vyombo. Sisemi mchaichai ni muujiza. Nadhani kilichomsaidia zaidi ni kile alichoacha kunywa. Usiku wa sita alilala.

Nilijuaje? Saa kumi na mbili asubuhi Owiti aligonga mlango wangu nusura auvunje. Mkononi ameshika sufuria ya mchaichai.

"Mama Rehma, mmepea bibi yangu nini? Tangu saa tisa namwamsha, anakataa. Hii dawa yenu imemharibu!"

Akaimwaga yote mtaroni mbele yangu. Miaka miwili mkewe hakulala, na Owiti hakugonga mlango wa mtu. Siku mkono ulipoungua aliuliza nani atapika. Leo mkewe amelala mara moja tu, ndipo amekuwa mgonjwa!

Seline akatokea mlangoni kwake amejifunga leso, uso umevimba usingizi, alama za mto shavuni. Sijawahi kumwona mzuri vile.

"Owiti," akasema, "aol."

Yaani, nimechoka. Akarudi ndani, tukasikia komeo likiingia.

Beseni lilikuwa kando ya ukuta. Nikalisukuma kwa mguu mpaka miguuni pa Owiti. "Foleni bado ipo," nikamwambia. "Wahi."

Miaka kumi na mitano beseni hilo limemlisha. Aliliinamia, harufu ikampata, akaziba pua.