Orodha Niliyoiandika Ubaoni

Katikati ya miaka ya sabini, muda si mrefu baada ya kutoka chuo cha ualimu, nilifundisha kisomo cha watu wazima katika kijiji kimoja karibu na Igowole, huko Mufindi. Niliamini kwamba mtu akishajua kusoma hawezi tena kuswagwa kama kondoo. Kwa hiyo kijiji kilipopata lori la kutupeleka kuona wanyama katika mbuga ya Ruaha, sikuwaambia wanafunzi wangu kwa mdomo vitu vya kubeba. Niliviandika ubaoni, nao wakanakili: daftari, penseli, sweta, blanketi, viazi vya kuchemsha, chumvi, sahani. Kwa wengi wao, hayo yalikuwa maandishi ya kwanza kuwahi kuwaagiza jambo.

Mimi ni mzaliwa wa milima ya Mbeya. Huko, kama Mufindi, mtu hatembei nusu saa bila kuvuka kijito. Safari kwetu ilikuwa ukungu na baridi. Maji mtu huyakuta njiani.

Alfajiri dereva, mwenyeji wa Iringa mjini, alisimama kando ya lori akitutazama tunavyopanda.

"Mablanketi yote haya! Mnakwenda kumfunika tembo?"

"Tumeandikiwa, kaka," akajibu mama mmoja kwa fahari, mtoto wake wa miezi mitano mgongoni. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza darasani kusoma sentensi nzima bila kusaidiwa. Watu wakacheka, nami nikacheka nao.

Tulipoipita Iringa na kuteremkia bondeni, masweta yalivuliwa moja baada ya jingine. Jua lilipofika utosini lori lilichemka, likasimama kwenye nyika isiyo na kivuli. Dereva alifungua rejeta, mvuke ukamrukia. Debe lake la akiba lilikuwa na maji nusu tu.

"Leteni maji yenu ya kunywa, tuchange."

Hakuna aliyejisogeza. Walitazamana, kisha wakanitazama mimi.

"Hamna? Watu wote hawa?" Dereva akanigeukia. "Na wewe Mwalimu, hayo masomo ulisomea wapi?"

Nilimgeukia yule mama mwenye mtoto. Mtoto alikuwa akilia tangu tulipouacha mji, na sasa alikuwa amenyamaza, midomo imemkauka. Ukimya ule ulinitisha kuliko kilio. Mama yake alimweka titini, akamtoa, akamweka tena.

"Hayatoki," alisema.

"Hukubeba hata togwa, mama?" nikamuuliza.

"Nilikoroga kibuyu kizima, Mwalimu. Nikasoma tena daftari mlangoni. Togwa haikuwamo, nikakirudisha ndani."

Hakunilaumu. Alinieleza kama mwanafunzi anayeeleza namna alivyofanya zoezi lake, akiwa na hakika kwamba hakukosea. Nikafahamu kwamba sikuwa nimemkomboa kutoka kwa yeyote. Nilikuwa nimemwekea sauti nyingine ya kutii, nayo ilikuwa yangu.

Dereva aliinua debe. "Nikiyatia yote kwenye mashine, jioni mtawaona tembo. Nikimpunguzia huyu mama, yatakayobaki yatatosha kuturudisha polepole hadi kile kisima tulichokipita. Basi. Semeni."

Kabla sijafungua kinywa, mzee mmoja wa darasa langu, ambaye tangu masika hakuwa na hadithi nyingine isipokuwa safari hii, alinyoosha sahani yake.

"Mtilie humu. Tembo mwenyewe hata hanijui."

Mama alikunywa kwa sahani ile, polepole, huku akichovya kidole na kuilowesha midomo ya mtoto. Alipomaliza, dereva akamtilia tena. Yaliyobaki yaliingia kwenye rejeta, tukageuza lori.

Kisimani wanawake wa kijiji walituchotea bila kutuuliza tumetoka wapi. Baada ya muda mrefu, mtoto alianza kunyonya, kwanza kwa kulegea, kisha kwa sauti tuliyoisikia sote. Wanaume walisogea kando. Nilibaki nimekaa juu ya blanketi langu, sijui pa kutazama.

Mama yule aliniita. Mtoto akiwa bado kifuani, alikuwa amefungua daftari magotini, na chini ya orodha yangu alikuwa ameongeza mistari miwili: maji, togwa.

"Nisahihishie, Mwalimu."

Nilipokea penseli yake. Sikuweka alama ya vema papo hapo, kwa kuwa ilinipasa kwanza kuisoma orodha yote kuanzia juu, neno kwa neno, kama alivyoisoma yeye alfajiri ile mlangoni kwake.