Kitanda cha Heng

Waliosema subira huvuta heri hawakuwahi kungoja mtu nje ya ukuta wa kasri. Mama Luo, mchoma mikate wa mtaa wa kusini kabisa wa Chang'an, mji mkuu wa Uchina ya kale, alingoja miaka kumi na mmoja. Binti yake wa pekee, Heng, alichukuliwa kutumikia kasri akiwa na miaka kumi na mitatu. Tangu hapo, kila jioni ngoma za kufunga malango ya mitaa zilipoanza, mama alimtandikia kitanda.

Mwaka huo likatoka tangazo: siku ya tatu ya mwezi wa tatu, wajakazi wataonana na ndugu zao mbele ya kasri. Alfajiri Mama Luo alishafika kwenye lango la mtaa, viatu vipya alivyomshonea Heng viko kwapani.

"Siku hizi wewe ndiye jogoo wetu?" bawabu Kui akamtania.

"Fungua bwana, acha domo."

"Ngoma haijalia. Nikifungua, fimbo zitaniangukia mimi, si wewe."

Ngoma ikalia. Akashika barabara kuu kuelekea kaskazini. Waliouchora mji ule waliunyoosha kwa kamba, ukuta baada ya ukuta, ili mfalme akiketi aitazame kusini yote. Miguu ya wazee hawakuifikiria hata kidogo.

Mbele ya kasri watu walikuwa wakikumbatiana na kulia. Aliita jina la mwanawe mpaka sauti ikamkauka. Mwishowe mjakazi mmoja akamsogelea.

"Unamtafuta Heng mfumaji, mama?"

"Huyo huyo! Yuko wapi mwanangu?"

"Ni mzima. Ila mfalme mzee alipofariki, Heng alipelekwa kwenye kaburi lake. Asubuhi anamwekea maji ya kunawa, jioni anamtandikia kitanda."

"Anamtandikia maiti?"

"Ndiyo, mama. Na huko harudi mtu."

Mama Luo akamnyooshea viatu. "Basi chukua wewe."

Mjakazi akavigeuza mkononi. "Mama, hivi ni vya mtoto."

Aliufikia mtaa wake ngoma za jioni zikikaribia kwisha. Kui alimwona uso, akafunga lango nyuma yake. Nyumbani, mikono ya mama ilienda yenyewe kwenye blanketi la Heng. Akalinyoosha, akaketi pembeni, ndipo machozi yakamtoka. Saa ile ile, mama na mwana, kila mmoja alikuwa akimtandikia mtu asiyekuja kulala.