Makofi ya Kujiamkia

Nakiri kosa: wiki iliyopita, asubuhi, kwenye kliniki ya macho hapa Kasulu, nilimcheka mama mgonjwa. Alitoka Nyakitonto kufanyiwa upasuaji wa jicho, lakini presha ilikuwa juu. Isiposhuka, angerudishwa nyumbani na giza lake.

Nesi akamketisha kando yangu. "Fumba macho, mama. Fuata pumzi yako tu. Mawazo yakikutoroka, rudi."

Dakika haijaisha, mama akajipiga paja, paa! "Pumbavu we! Umeshaenda tena kwenye maharage!" Tukiwa kwenye foleni alikuwa ameshaniambia kuwa ameyaacha yameanikwa uani, na mawingu yalikuwa yanakusanyika. Akatulia kidogo, akajipiga tena. Hapo ndipo nikacheka.

Nesi hakucheka. "Mama, mwanao akirudi safari unampokea kwa kofi?"

"Aa, mwanangu! Namwamkia."

"Basi na wewe jiamkie."

Mama akawaza. Kisha akafanya kama tufanyavyo Waha tukiamkiana: akainama, akapiga makofi polepole, akanong'ona salamu yetu ya asubuhi, "Mwakeye." Akarudi kwenye pumzi yake. Maharage yalimwita mara nyingi, na kila aliporudi alijiamkia hivyo hivyo. Alipopimwa tena, nesi akasema, "Twende ndani."

Mimi husali kila asubuhi, na kabla ya amina mawazo yangu yameshafika shambani. Miaka yote nimejiita mnafiki, na matusi hayo hayajanisaidia kusali vizuri hata siku moja. Sasa nimeanza kujiamkia. Mkinisikia kanisani napiga makofi taratibu peke yangu, naomba msinicheke.