Kosa Aliloandikiwa Mke Wangu

Mke wangu alifagia barabara moja miaka kumi na tisa. Alitoka nyumbani saa tisa usiku, kizibao chake cha kung'aa mwilini, fagio begani. Hakuwahi kuumwa siku ya kazi. Au aliumwa akanyamaza, sijui. Maneno alikuwa nayo mengi, ila si ya maumivu yake.

Akimaliza alipitia gereji kwangu, mara nyingine akashinda nami mpaka jioni. Mimi ni fundi umeme wa magari. Shule sikwenda, nyaya nilizijua kwa vidole. Yeye alinishikia tochi na kuongea na wateja kwa niaba yangu. Aliniita Waya. "Huyu Waya wangu," anawaambia, "umeme unapita, sauti haipiti."

Mtu huyo ndiye aliyegongwa na gari saa kumi kasoro usiku, pembeni kabisa mwa barabara, toroli lake la taka mbele yake. Alikufa palepale.

Siku ya tisa binti yetu alinisomea ripoti ya polisi. Mwenye gari anasema taa zake kubwa zilikuwa zinawaka, mama akajitokeza ghafla. Chini wameandika kosa ni la marehemu. Nikamwambia asome tena. Akasoma tena. Miaka kumi na tisa barabara ileile, leo ndiyo asijue pa kusimama.

Sikulia. Nilivaa ovaroli langu nikaenda kituoni. Binti nyuma yangu, baba ngoja, baba taratibu. Sikungoja.

Afande wa barabarani alikuwa kijana wa heshima, na heshima yake ndiyo iliyonichoma. Alinipa kiti. Alinipa pole mara tatu. Kisha akasema ripoti imeshapita, nikapumzike. Nikamwambia nitapumzika nikishaliona gari. Akamtazama binti yangu, kama wanavyotazamwa watoto wa wazee waliochanganyikiwa. Nikakaa kwenye kiti chake mpaka adhuhuri. Akachoka kuniona.

Gari lilikuwa uani, pua imebonyea. Nilifunga mikono nyuma, asije mtu akasema nimegusa. Taa ya kushoto ilipasuka mpaka balbu ya ndani. Nikamwambia afande ainame. Balbu ikivunjika huku inawaka, ule uzi wa ndani unaungua hapohapo, unakuwa mweusi na unga mweupe. Ikivunjika imezimwa, uzi unabaki safi.

Uzi ulikuwa unang'aa kama ulitoka dukani asubuhi ile.

Nikamwomba afungue boneti. Mkanda wa alternata, ile inayochaji betri gari likienda, haukuwepo. Akasema labda ulikatika kwenye ajali. Nikamwonyesha puli, kigurudumu kinachozungushwa na mkanda. Ilishika kutu. Puli inayozunguka kila siku haishiki kutu. Gari hilo lilikuwa na siku kadhaa halijichaji.

"Mzee wangu," akasema, "nani mwenye akili zake anaendesha usiku taa kazima?"

"Aliyeambiwa na fundi."

Hakuelewa. Nikamweleza. Alternata ikikwama, gari linaishi kwa betri peke yake, na taa kubwa ndizo zinazoimaliza. Fundi akikosa kipuri anachaji betri, anamwambia mteja nenda polepole, zima taa, itakufikisha.

"Fundi gani huyo anamwambia mtu hivyo?"

Ningeweza kusema simjui. Ingekuwa kweli. Binti yangu alisimama pembeni yangu na ile ripoti mkononi.

"Mimi," nikasema. "Huyu hakupita kwangu. Lakini wengine nimewaambia. Wengi."

Binti akanigeukia. Nikaendelea, maana nikinyamaza hapo nisingesema tena. Jioni moja nilimwambia mteja maneno hayo, mke wangu kanishikia tochi. Akaigeuza akanimulika usoni. "Na sisi tulioko barabarani, Waya, atatuona kwa pua?" Mteja akacheka. Na mimi nikacheka. Yule mteja akaondoka gizani, taa kazima.

Nikamwambia afande aandike na hilo.

Mwenye gari aliitwa, akaja kabla ya jua kuzama. Shati limepigwa pasi. Kwanza alishikilia yaleyale ya taa zilizowaka. Afande akamwonyesha puli, akamwuliza mkanda uko wapi. Akainama akaitazama. Kisha akasema, kwa sauti ndogo, "Fundi aliniambia nizime taa, betri itanifikisha."

Mkono wangu ulikuwa umeshainuka. Nilitaka kumzaba kibao kimoja tu, kwa ajili ya mama wa watu. Lakini maneno aliyotamka nilikuwa nayajua, yote, na jinsi yanavyosemwa, huku fundi akifuta mikono kwa kitambaa. Mkono ukashuka wenyewe. Hasira haikushuka.

Afande akaikata kwa kalamu ile ripoti, akaandika nyingine. Binti akaisoma mara mbili bila mimi kumwambia. Kosa ni la dereva. Gari bovu, taa zimezimwa usiku, na marehemu alikuwa pembeni kazini, na kizibao chake. Kizibao pia aliandika, nilimsimamia.

Yakabaki maelezo yangu. Afande akauliza kama nataka yale ya gereji yangu yaondolewe, hayana lazima kwenye kesi. Binti alikuwa anatazama ukutani.

Nikasema yabaki.

Akanisogezea kidau cha wino. Nikaweka dole gumba, nikakandamiza mpaka kucha ikauma.