Ndama wa Makwasinyi

Nilikwenda Makwasinyi kwa sababu shemeji yangu Wanza, mke wa kaka yangu, alikosa mtu wa kumshikia kamba. Wanza hutafiti mifupa ya wanyama wa Miosini, enzi ya mamilioni ya miaka iliyopita, inayochimbwa kule magharibi mwa nchi. Mimi ni mwalimu wa bayolojia Mghange, juu kwenye milima ya Taita, na sikuona mifupa hiyo ina uhusiano gani na Makwasinyi, huku kwetu Taita. Nilikubali kwa udadisi, na kidogo kwa kutaka kumbishia.

Alfajiri Mghange ilikuwa ndani ya ukungu, nikaondoka nimevaa masweta mawili. Nilipofika Voi yote mawili yalikuwa begani. Wanza alikuwa akinisubiri na pikapu karibu na soko. “Shemeji, hiyo baridi yenu ungeiacha huko juu,” alisema.

Baada ya mji mdogo wa Maungu tuliiacha lami, tukaingia kwenye vumbi jekundu. Hapo ndipo aliponieleza. Ukitaka kujua mifupa ya kale inakuficha nini, nenda kwanza mahali ambapo wanyama waliokufa wanajulikana. Unanyoosha kamba, unatembea kando yake, unaandika kila mfupa, kisha unalinganisha na waliokuwepo kweli. Akanipa kichupa chenye jino dogo kuliko punje ya mchele.

“Huyo ni panya wa Miosini. Aliishi na tembo wa pembe nne. Zamani watafiti waliokota mifupa mikubwa tu, wakadhani wadogo walikuwa wachache. Walipochekecha udongo, wakatokea wengi ajabu.”

Jino lilikuwa bado linang’aa. Nilikishika kichupa kile mpaka mlima Kasigau ulipotujaa machoni, na hamu ya kubisha ilikuwa imeniisha.

Makwasinyi tulipokelewa na Baba Wakesho, mfugaji aliyepoteza ng’ombe wake kwa ukame kando ya bwawa lililokauka. Alisema anachotaka kabla chai haijamiminwa.

“Muandike na ndama. Watu hapa wanasema eti natia chumvi, sikuwa na ndama. Nilikuwa nao. Ndio walikufa wa kwanza.”

“Baba Wakesho, mimi naandika kile nimepata,” Wanza alimjibu.

“Basi pata.”

Kesho yake asubuhi tulinyoosha kamba kandokando ya bwawa. Tulipata mafuvu, nyonga na mataya ya ng’ombe wakubwa, lakini ndama hatukupata hata mmoja. Wanza alisema fisi humaliza mifupa laini. Baba Wakesho alitufuata, na kila tulipogeuza mfupa alinyoosha shingo. Jirani aliyepita na mbuzi wake akauliza, “Hao ndama wameonekana?” akacheka peke yake. Nilimwonea mwenyeji wetu huruma mpaka nikashindwa kumtazama.

Nikalikumbuka pango la ukoo wetu kule Mghange, ambako zamani mafuvu ya wazee yalipangwa kwa heshima. Mgeni akiingia mle atadhani sisi Wadawida, watu wa Taita, huzaliwa wakiwa wazee.

Adhuhuri Wanza aliamua tuchekeche matope makavu ya ukingo wa bwawa. Kazi hiyo inataka maji. Baba Wakesho alileta mitungi ya nyumbani bila kuombwa, na mkewe akaja nyuma yake, mikono kiunoni.

“Sasa maji ya kupika ndiyo mnaoshea udongo?”

Kisha yeye mwenyewe akajifunga leso vizuri, akainama na kushika upande wa pili wa chekecheke.

Udongo uliyeyuka polepole. Vikabaki vijiwe, meno ya panya, na kipande cha taya chenye meno mawili meupe. Wanza alikigeuza juani.

“Haya ni meno ya utoto. Hayajasagika, na bado yamekaa kwenye taya. Huyu alikufa akiwa mdogo. Ni ndama.”

Asubuhi yote tulikuwa tumepita juu yake.

Baba Wakesho alilipokea taya, akaketi chini palepale. “Atakuwa wa yule ng’ombe wangu Kijivu,” alisema. “Alikuwa bado ananyonya.” Wanza alipomweleza kwamba taya lazima liende naye likakae na mifupa mingine ya utafiti, alilirudisha taratibu. “Liende. Lakini liandikwe ni la hapa.”

Mama Wakesho hakusikia hayo. Alikuwa tayari ameenda kumwita yule jirani wa mbuzi.

Kurudi, nilivaa masweta yangu nilipoanza kupanda milima. Darasani nitawaambia wanafunzi kwamba mifupa huonyesha waliobahatika kubaki, si wote walioishi. Lakini kabla ya kwenda nyumbani nilipitia pangoni. Niliwasalimia wazee, kama nilivyofunzwa. Kisha nikatazama udongo wa sakafuni, nikavua viatu, na kwa mara ya kwanza nikawasalimia watoto.